Mlango Niliouziba Masikio

Mkiniona nimesimama mbele ya mlango wa mtu na sibishi, msidhani nimesahau nilichojia. Uzee upo, sikatai, lakini huo ni ugonjwa wa kazi. Nimefunga milango ya Birmingham miaka ishirini na ushei. Siwezi kubisha kabla sijautazama mlango wenyewe, bawaba zake, miimo yake, na kizingiti kama kimeliwa na maji. Marehemu mke wangu alikuwa akinivuta koti mbele za watu na kuniambia, "Noor, tumekuja harusini, hatukuja kukagua."

Nyinyi mnaojifunza ufundi Jumamosi pale ukumbini Handsworth mmenisumbua muda mrefu niwaandikie. Mnataka siri za kazi. Siri ni chache na nitawapa bila choyo. Lakini kuna jambo jingine nililolikalia, na nikiandika siri nikaliacha hilo nitakuwa nimewadanganya.

Aliyenifundisha ni Bwana Clive, Mjamaika mfupi aliyevaa kofia ya sufu kiangazi na baridi. Mimi nilikuwa nimetoka Isiolo kupitia Uholanzi, najua useremala wa vitanda na meza, nikadhani mlango ni meza iliyosimamishwa. Wiki yangu ya tatu alinituma peke yangu Great Barr kuziba kwa mbao nyumba iliyohamwa. Nikaziba mlango wa mbele, wa nyuma, na madirisha yote ya chini, kazi safi kabisa. Kumbe nyumba iliyohamwa ni ya jirani. Niliyoiziba mimi ilikuwa na mlinzi wa kiwandani aliyerudi alfajiri akalala fofofo. Alipoamka saa nane mchana akakuta giza totoro, akapapasa mbao kila upande, akaamini amekufa na ameshazikwa. Alipiga simu ya dharura akawaambia yuko kaburini na anaomba msamaha kwa aliyoyafanya. Bwana Clive alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Halafu akafuta machozi, akanishika sikio kama mwalimu wa madrasa, akasema, "Kabla hujaziba, sikiliza ndani kuna nani." Nilidhani ni mzaha wa siku ile.

Sasa siri zenyewe. Mlango uliovunjwa na mwizi una majeraha madogo madogo karibu na kitasa, kwa sababu mwizi anaogopa kelele. Uliovunjwa na mume mlevi una alama ya kiatu, na mara nyingi yeye mwenyewe yupo hapo asubuhi anakushikia nyundo kwa aibu. Uliovunjwa na polisi hauna alama nyingi. Wana gogo la chuma lenye mikono miwili, wanapiga pigo moja au mawili, na mlango unalala ndani mzima mzima na mwimo wake. Mlango uliopigwa risasi una tundu dogo upande wa nje. Ndani kumepasuka, vijiti vimetawanyika hadi kwenye zulia. Ukiingiza kidole kikatoka na damu, basi kidole umechomwa na kijiti, usianze kupiga kelele. Mimi nilipiga.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kampuni yetu ilikuwa na mkataba wa kwenda nyuma ya polisi. Wao wanavunja alfajiri, sisi tunafika saa mbili na mbao na drili. Watoto wa mtaani walipoliona gari letu walijua jana au leo kumevunjwa mahali. Wengine waliniita fundi wa polisi. Nilikasirika, lakini walikuwa na haki. Nilikuwa nafuta nyayo zao.

Kulikuwa na mtaa mmoja mfupi nyuma ya Soho Road, nyumba za matofali mekundu zilizoshikana mabega. Niliufahamu vizuri kwa sababu mama mmoja wa kwetu Isiolo, Mama Liban, alikaa pale na wanawe wawili, Liban na Yusuf. Mwaka mmoja polisi waliingia mtaa ule mara nne, wakitafuta bunduki. Mara mbili walizipata, tuseme kweli. Mara mbili hawakupata kitu, na huko ambako hawakupata kitu ndiko walikopiga watu zaidi.

Baada ya mara ya pili nilikwenda kwa Mama Liban kunywa chai. Nikabonyeza kengele, kimya. Nikabisha, pazia likasogea juu, ndipo akafungua. Nikamwambia nitamtengenezea kengele. Akasema, "Haijaharibika, kaka Noor. Nimetoa betri." Wakati wa kutoka, kwa ugonjwa wangu ule, nikabonyeza kengele ya jirani. Kimya. Ya nyumba iliyofuata, kimya. Nilitembea mtaa mzima mchana kweupe nikibonyeza kengele moja baada ya nyingine kama mtoto mtundu, na hakuna hata moja iliyolia. Hakuna aliyetoka kunigombeza. Mapazia tu yalisogea juu, moja baada ya jingine, yakinifuata mpaka mwisho wa mtaa. Nikaenda garini bila kugeuka.

Mara ya nne walivunja nyumba isiyo yenyewe. Nyumba zile zina vichochoro katikati, na namba zinaruka. Hata tarishi mgeni hupotea. Waliangukia kwa Mama Josué, Mkongo wa Uvira, mjane, mwimbaji wa kanisani. Mwanawe Josué, kijana wa miaka kumi na tisa, alishuka ngazi na chupi tu kuuliza kuna nini. Wakamlaza kifudifudi, goti mgongoni, mkono wakauzungusha nyuma mpaka ukavunjika. Mama anasema aliusikia ukivunjika, na kwamba Josué hakulia, alisema samahani. Walipogundua namba siyo, wakamwachia mama karatasi ya kudai fidia ya mlango. Ya mkono hawakuacha.

Nilipofika saa mbili nilimkuta amekaa kwenye ngazi, baridi inaingia, amekodolea macho pale mlango ulipokuwa. Nikampa pole kwa Kiswahili, akashtuka.

"Weye ni mutu ya wapi?"

"Kenya, mama. Nimekuja kukuwekea mlango."

"Basi uniwekee mulango ya kweli. Sitaki tundu ya barua, kupitia pale njo wanaangaliaka ndani. Sitaki kioo. Sitaki kengele. Nataka mulango yenye haina kitu."

Vijana, hapa ndipo nilipokosa. Mlango wa nje una kazi ya kuzuia, na una kazi ya kupitisha sauti. Tundu la barua ndilo sikio lake, hilo Bwana Clive alinifundisha. Lakini nilimwona yule mama anavyotetemeka, na nilikuwa na aibu ya gari langu lililosimama nje, nikataka kumpa zaidi ya alichoomba. Nikamletea mlango wa mbao nzito wenye bamba la chuma katikati. Nikazungushia ukingo wote mpira wa kuzuia upepo, safu mbili. Chini nikaweka brashi. Nilipoufunga mara ya kwanza, kelele za mabasi ya Soho Road zilikatika ghafla kama mtu kazima redio. Mama Josué alitabasamu. Mimi nikaona nimefanya ibada.

Mlango mzito hulegeza bawaba baada ya wiki chache, lazima urudi uzikaze, hilo liandikeni. Aliniambia nikirudi nibishe mbili, ninyamaze, halafu moja. Wasiojua kubisha hivyo hawafunguliwi. Nikaja kugundua karibu kila nyumba ya mtaa ule ina namna yake. Watoto wakitoka shule walibisha kwenye nyumba zao wenyewe kwa siri, wakitazama nyuma. Kubisha kwa kiganja, bapa, ndiko walikoogopa wote, maana polisi hubisha hivyo kabla ya gogo.

Na kuna jambo jingine nililoliona kupitia milango, kabla hata ya wakubwa kuanza kuitisha mikutano. Polisi walivyozidi kuvunja, ndivyo matundu ya risasi yalivyozidi. Watu waliacha kupiga simu. Aliyetishwa hakushtaki, aliyeona hakusema, na kijana aliyejua kwamba hakuna atakayemtaja alitembea na bastola kama anavyotembea na kitana. Aliyemwogopa naye akatafuta yake. Sisemi polisi ndio waliofyatua. Mwenye kufyatua ana dhambi yake, na mikono yake haioshwi na mtu mwingine. Lakini mtaa ambao hauwezi kuita msaada umekwisha, na niliuona ukiisha kengele moja baada ya nyingine.

Alasiri moja ya Februari, jua la baridi limewaka vizuri, Yusuf mdogo wake Liban alipigwa risasi ya tumbo kwenye kona, akitoka kununua mkate. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alikimbia kuelekea kwao. Mkono mmoja kashika tumbo, kwa mwingine anabisha kila mlango anaoupita, kwa kiganja. Hakuna aliyefungua. Alianguka kwenye kizingiti cha Mama Josué, nyumba tatu tu kabla ya kwao.

Niliona ile milango kesho yake. Polisi walikuwa wamefunga utepe, lakini mimi walinijua, wakanipitisha. Kwenye kila mlango wa upande ule palikuwa na alama ya kiganja, urefu ule ule wa kifua. Zilianza nyekundu nzito, zikawa zinafifia. Kwenye mlango wangu, ule laini usio na kitu, zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa chini kabisa. Mtaa ulikuwa kimya, na nilijua nyuma ya kila mlango kuna mtu amesimama.

Polisi walibisha nyumba zote. Hakuna aliyeona kitu. Siku ya nne Mama Liban akaniita, macho yamevimba. "Kaka Noor, amekufa mlangoni kwa yule mama. Wewe anakufungulia. Nenda tu umuulize kama mwanangu alisema neno lolote."

Nikaenda. Nikabisha mbili, nikanyamaza, moja. Mama Josué alifungua, hakunikaribisha ndani. Alinitazama, akasema, "Toka inje, Fundi. Simama pale. Mimi nitafunga. Weye useme hodi."

Sikuelewa. Nikasimama kizingitini, mlango ukafungwa usoni mwangu bila sauti. Nikasema hodi. Nikasema tena. Mara ya tatu nilipaza sauti mpaka nikaogopa, na mapazia ya ng'ambo yakasogea. Nikakumbuka nilikuwa nimesimama hasa mahali alipoangukia Yusuf. Mlango ulikuwa karibu na pua yangu na sikusikia hata pumzi upande wa pili. Ulipofunguliwa, Mama Josué alikuwa palepale, hatua moja kutoka kwangu, machozi yanamtiririka.

"Unaona? Sikusikia kitu. Sasa nikuambie. Nilikuwa juu kwa dirisha. Nilimuona yule mwenye kupiga, alitoa kofia, nilimuona uso. Kisha nikasikia ku dirisha, hodi, hodi, mama. Ule mutoto siku zote anasemaka na mimi Kizungu. Ile siku alisema hodi. Nikashuka mbio. Nikafika hapa, nikaweka sikio. Kimya. Nikasema, ameisha kwenda. Nikaogopa kufungua bure. Nikarudi juu, Fundi. Mutoto alikuwa hapa, mimi nikarudi juu."

Nikapitisha kidole kwenye ule mpira wa ukingoni, safu mbili. Ni mimi niliyeziba.

Akanitajia jina la aliyepiga. Nilimjua kwa sura, kijana wa mtaa wa pili. Nikamwomba akawaambie polisi.

"Polisi? Bale walivunja mukono ya mutoto wangu niwaambie nini? Kesho wakosee nyumba tena? Ninakuachia weye. Weye uko mukubwa, utajua."

Siku kumi na moja nilikaa na jina lile. Nililala nalo, nikaswali nalo. Mara mbili nilifika hadi kituo cha polisi, na mara zote mbili nikamwona Josué na mkono wake kwenye plasta, nikafikiri watamwendea mama yake alfajiri wamlazimishe kusema. Nikajiambia mtu mzima hakurupuki. Haraka haraka haina baraka, si ndivyo tulivyofundishwa? Ukweli ni kwamba niliogopa, kama mtaa mzima ulivyoogopa. Nilikuwa nimetoa betri yangu.

Siku ya kumi na moja Liban alinikuta nikipakia mbao. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mpole, mfanyakazi wa ghala. Alikuwa amekonda.

"Anko, watu wanasema Josué alikuwa na hao majamaa. That's why hawakufungua. That's why hawasemi."

"Uongo huo. Josué hata nyumbani hakuwepo."

"Unajuaje?"

"Najua."

"So unajua nani." Alinisogelea. "Anko. Please. Niambie tu jina."

Nikatikisa kichwa. Nilijua nikimpa jina atakwenda kuua. Nilijisifu moyoni kwa ushupavu wangu. Akainama, akalia kidogo. Halafu akasema kwa sauti laini, "Sawa, Anko. Lakini nataka kumpa pole yule mama. Nimuulize Yusuf alisema nini mwisho. My mum halali. Nikibisha hawafungui. Pale mnabishaje?"

Nilifurahi, wanangu. Wallahi nilifurahi. Nikaona hapa ndipo mzee anapotakiwa, kuwaunganisha wafiwa na majirani. Nikageukia ubavu wa gari langu, nikabisha kwa kifundo cha kidole. Mbili, kimya, moja. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Kesho yake, adhuhuri, Josué ndiye aliyekwenda kufungua. Mama yake alikuwa jikoni akisonga ugali. Alikusikia kule kubisha, maana mlango wangu ulizuia sauti lakini uliruhusu kubisha kwa kifundo kupita kwenye mbao, akamwambia mwanawe, "Fungua, ni Fundi." Nje alikuwa Liban, na hakuja na pole.

Kampuni ikanituma mimi kufunga nyumba polisi walipomaliza kazi yao. Niliukagua ule mlango kwa mazoea. Haukuwa na tundu wala mkwaruzo, na bawaba zilikuwa zimekaza. Josué alikufa hospitali siku ya tatu, mkono wake haujatolewa plasta.

Siku ile ile niliingia kituoni nikataja jina nililopewa. Walikuja kumshika yule kijana aliyempiga Yusuf, na Liban walikuwa wamemshika tayari, hakukimbia. Afisa aliyeniandika alikuwa msichana, mstaarabu, akanimiminia chai. Akaniuliza kwa nini nilichelewa. Nikamwuliza kama anaujua mkono wa Josué. Aliacha kuandika, akasema hakuwepo siku ile. Nikamwamini. Lakini kwenye maelezo yangu ya kurasa nne, sikusema nilivyobisha kwenye ubavu wa gari. Hakuuliza, nami sikusema.

Mama Josué alihamishiwa Hodge Hill. Kabla hajaondoka nilimsaidia kubeba masanduku, na pale nje, watu wakipita, aliniuliza kwa utulivu tu, kama anauliza saa ngapi. "Fundi, ile namna ya kubisha tulikuwa tunaijua watu watatu. Mimi, Josué, na weye. Yule mutoto Liban aliitoa wapi?"

Nikamwambia sijui. Nikasema labda alisimama mahali akasikiliza. Akaitikia, "Labda," akaingia garini.

Mwaka jana nilistaafu hata vibarua vidogo. Nimekwenda Hodge Hill mara tatu. Naujua mlango wake, wa kijani, wa bei rahisi, una kengele, na kengele inafanya kazi kwa sababu nilimwona tarishi akiibonyeza na yeye akatoka. Amezeeka. Nilikuwa upande wa pili wa barabara, na kila mara nikarudi kupanda basi. Haya niliyoyaandika nimemwandikia yeye kwanza, nyinyi mmeazima tu. Kama kuna kati yenu anayesali naye, msimsomee. Kesho asubuhi nitampelekea mwenyewe, na nitabaki nimesimama hapo mpaka amalize kusoma.